Nani Kakata Koo la Gari Yangu?

Ijumaa moja baada ya sala niliingiza gari uani kwetu, nikazima injini, nikashuka na mfuko wa tende mkononi. Baba alikuwa amekaa barazani kama kawaida yake, kikombe cha kahawa mbele yake, fimbo imeegemea ukuta. Nikatoa salamu. Akaitikia, akanyamaza kidogo, halafu akauliza:

"Nani kakata koo la gari yangu?"

Baba haoni. Presha ya macho ilimchukua jicho la kulia kwanza, na la kushoto limebakiwa na mwanga wa kutenganisha mchana na usiku tu. Kwa hiyo hakuwa ameona kitu. Alisikia. Gari ilipokata kona ya nyumba ya jirani, alishajua.

Mliosikiliza kipindi chetu kuhusu vitu tulivyorithi mtakumbuka nilitaja gari ya Baba kwa sentensi moja, kisha nikabadilisha mazungumzo haraka haraka. Wengi wenu mliniandikia kuniuliza kulikoni. Haya basi, leo nasema yote.

Gari yenyewe

Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu makosa yalikuwa yangu, si ya kiwanda. Ni gari ya juu, ya mwaka 2008, injini ya petroli ya lita 2.7, silinda nne. Baba aliinunua mpya hapa Maskati, akaitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa. Oili kwa wakati wake, filta kwa wakati wake, na ndani ya kisanduku cha mbele, daftari dogo lenye tarehe zote kwa mwandiko wake. Ukurasa wa mwisho aliouandika mwenyewe ni wa 2021. Mistari yake inapanda na kushuka, haikai sawa tena. Wiki ile ile alinipa ufunguo.

"Chukua wewe," alisema. "Macho yangu yamestaafu."

Mie nimezaliwa hapa. Kiswahili changu nakiita Kiswahili cha jikoni, maana nilikipata kwa Mama na kwa Bibi. Mwiko, kinu, kawa, mbuzi ya kukunia nazi, hayo yote nayajua. Lakini chini ya boneti nilikuwa bubu. Baba akinisemesha Kiswahili, mie namjibu Kiarabu, na ndivyo tulivyoishi miaka 20 na zaidi bila mtu kulalamika.

Nilichokifanya

Ukweli ni kwamba nilitaka sauti. Wenzangu walikuwa na magari yanayonguruma, yangu ilikuwa kimya kama ya mzee wa msikitini. Usiku nikawa naangalia video za watu wanaobadilisha filta ya hewa na mpira wake, na kila video inaisha na mtu anatabasamu. Basi nikaenda duka la vipuri, nikanunua seti nzima kwa riali 48: filta ya pamba yenye umbo la pia, ya kukaa wazi bila sanduku, bomba la aluminiamu linalong'aa, viungo viwili vya silikoni vyekundu, na vibano vinne. Muuzaji alinambia nitaongeza nguvu farasi 15. Sikumuuliza amezipima wapi.

Kazi ilinichukua dakika 40. Nilitoa sanduku jeusi la filta, nikaliweka stoo. Nikatoa ule mpira mweusi wenye mikunjo mikunjo, pamoja na kichupa cha plastiki kilichoning'inia ubavuni mwake, ambacho sikujua kazi yake. Mpira ule ulikuwa umekakamaa kwa uzee, nikautupa. Nikafunga vitu vyangu vipya, nikawasha, nikakanyaga mafuta.

Wallahi, ilikuwa raha. Gari ilivuta pumzi kwa sauti. Nilihisi kabisa imeongezeka nguvu. Siku hizi nikimwona mtu anasema "nimehisi", namuuliza kama muuzaji wangu: umepima wapi?

Injini inavyopumua

Hebu tusimame hapa kidogo, maana bila kufahamu hili, mengine hayataeleweka.

Sisi husema gari "inakula petroli", lakini chakula chake kikubwa ni hewa. Ili petroli iungue vizuri, kila kilo moja yake inahitaji kama kilo 14.7 za hewa. Ukipiga hesabu, lita moja ya petroli inahitaji karibu lita 9,000 za hewa. Jaza tangi la lita 80, na kabla halijaisha injini yako itakuwa imevuta lita zaidi ya 700,000. Injini ya lita 2.7 kama yangu, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na umekanyaga mafuta mpaka chini, inaweza kuvuta karibu lita 4,000 kwa dakika moja.

Sasa fikiria hewa hiyo ni ya wapi. Ya Maskati mwezi wa sita. Ya barabara ya vumbi. Mchanga mwingi ni chembe za kwazi, jiwe gumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zikipita zikafika ndani, zinajibana baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na pistoni inapanda na kushuka nazo maelfu ya mara kila dakika. Ni msasa. Hausikii kelele, huoni kitu. Unakuja kugundua baadaye gari inapoanza kula oili na kutoa moshi wa buluu.

Filta ndiyo inayozuia hayo. Ya karatasi, ile ya kawaida ya kiwandani, ina jambo moja la ajabu: ikishika vumbi kidogo huchuja vizuri zaidi kuliko ilivyokuwa mpya, kwa sababu lile vumbi lililonasa nalo linazuia vumbi jengine. Baadaye sana ndipo hujaa na kubana hewa. Na hata hapo, mambo si kama tunavyoambiwa. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge kule Marekani ilipima magari ya petroli ya kisasa yenye filta zilizoziba, ikakuta ulaji wa mafuta haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabika. Kinachopungua ni wepesi wa gari kuchomoka. Kompyuta inaona hewa imepungua, nayo inapunguza petroli. Basi.

Kompyuta inaonaje? Baada ya filta kuna sensa ya hewa. Ndani yake mna kijiuzi chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza, na kompyuta inapima umeme unaotakiwa kukirudishia joto lake. Hapo ndipo inapojua hewa kiasi gani imeingia, na ndipo inapotoa petroli ya kulingana nayo. Hewa inayoingia kabla ya sensa inahesabiwa. Inayopenya baada ya sensa haihesabiwi, na vilevile haikupita kwenye filta. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Njia ya Bidiya

Miezi miwili baadaye kulikuwa na harusi kwa ami yangu, Bidiya. Kutoka Maskati ni zaidi ya kilomita 200, na ukifika pale mchanga wa Sharqiya umeshaanza. Asubuhi ya pili, watoto wa ami wakasema twendeni mchangani. Tulikuwa magari matano, tumefuatana, mie wa tatu. Kila aliyekuwa mbele alimrushia wa nyuma wingu zima la vumbi, na mie filta yangu ilikuwa wazi chini ya boneti, bila sanduku, inavuta kila kinachokuja.

Jua lilipopanda nikaona jambo jengine. Gari haikuwa na nguvu. Vilima vya mchanga ambavyo Baba alivipanda nayo miaka yote, mie nilikuwa nakwama. Nilidhani ni dereva. Kweli dereva alikuwa na lake, lakini na hewa ilikuwa na lake. Filta ile ilikuwa inavuta hewa iliyochemka pembeni ya injini, badala ya hewa ya nje. Hewa ya moto ni nyepesi. Ya nyuzi 75 ina uzito wa asilimia 9 hivi pungufu ya hewa ya nyuzi 45, yaani unavuta kiasi kile kile lakini cha kuunguzia petroli ni kidogo. Lile sanduku jeusi nililolitia stoo lilikuwa na pua yake imetokeza mbali na joto la injini. Nilitoa riali 48 kununua hewa mbaya kuliko niliyokuwa nayo bure.

Jioni, gari ikiwa imesimama inawaka, mshale wa mzunguko ukaanza kupanda na kushuka wenyewe. Mara 600, mara 1,100, mara inataka kuzima. Taa ya injini ikawaka. Fundi mmoja wa njiani akachomeka kimashine chake, ikatoka P0171, maana yake hewa ni nyingi na petroli ni kidogo. Akaifuta, akachukua riali tatu, akasema petroli ya mjini mbaya. Nilipofika Ibra taa ilikuwa imewaka tena.

Nikafika nyumbani, nikanyamaza. Wiki tatu nilikuwa naiacha gari nje ya uzio, nikamwambia Baba hakuna nafasi uani. Ile Ijumaa nilijisahau.

Barazani

"Nani kakata koo la gari yangu?"

Nikamwambia. Kwa Kiarabu, haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza, na afadhali angenigomba.

"Nishike mkono," akasema. "Nipeleke."

Nikafungua boneti. Akaweka kiganja juu ya bomba la aluminiamu, akakiondoa upesi. "Moto. Sasa washa." Nikawasha. Akainama, sikio karibu na injini, mkono mmoja kwenye bega langu.

"Kuna mluzi. Upande wako. Niambie unaona nini."

Nikaanza tena kwa Kiarabu. Akanikatiza.

"La. Nambie kwa Kiswahili. Mie kazi hii nilijifunza kwa Kiswahili. Kwa Kiarabu siioni."

Hapo ndipo niliposimama. Nilikuwa naona kila kitu, nami siwezi kutaja kitu. Yeye alikuwa na majina yote, na haoni. Nikasema, "Kuna hii... ile nyekundu... imetoka kwenye hii ya chuma... kuna nafasi."

"Ile nyekundu ni kiungo. Hiyo ya chuma ni bomba. Kinachokaza ni kibano. Kibano kimelegea au kiungo kimechanika?"

"Kibano kimelegea. Kiungo kimetambaa."

"Nafasi kiasi gani?"

"Ukucha unaingia."

"Mbele ya sensa au nyuma yake?"

Nikaangalia. "Nyuma. Upande wa injini."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyepata alichokitafuta. "Basi gari inavuta hewa ya wizi."

Sijapata kusikia mtu akieleza vizuri zaidi. Hewa ya wizi: imeingia bila kupita mlangoni, bila kuhesabiwa, bila kusafishwa. Kompyuta inatoa petroli kwa hewa iliyoihesabu, na ile ya wizi inakuja kuvuruga hesabu. Ndiyo maana mshale unapanda na kushuka, na ndiyo maana ya taa.

Akanieleza kwa nini ule mpira wa zamani ulikuwa na mikunjo. Injini imekalia mipira, inatikisika. Sanduku la filta limefungwa kwenye bodi, halitikisiki. Kiunganishi kati yao lazima kijikunje na kujinyoosha, kama shingo. Mie niliweka bomba la chuma lisilojikunja, kwa hiyo mtikisiko wote ukahamia kwenye viungo viwili, na barabara ya Bidiya ikamaliza kazi. Na kile kichupa cha pembeni? "Hicho ni cha kuua kelele," alisema. Yaani sauti ile niliyoipenda haikuwa nguvu mpya. Ilikuwa kelele ya siku zote, nami nimetoa kizuizi chake.

Kisha akatoa leso yake nyeupe mfukoni. "Fungua bomba. Ingiza leso ndani, baina ya filta na injini. Pangusa."

Leso ikatoka nyekundu-kahawia. Akaishika, akasugua vumbi baina ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, karibu na sikio.

"Bidiya," akasema.

Kibakuli cha oili

Baba alikuwa kijana wa gereji Unguja katika miaka ya 1970, kabla hajaja huku. Siku ile tukiwa tumesimama pale, mikono yetu sote michafu, alinisimulia habari za Land Rover za zamani. Zile hazikuwa na filta ya karatasi. Zilikuwa na kopo la chuma, na chini yake kibakuli cha oili. Hewa inashuka kwa kasi, inafika juu ya oili, inageuka ghafla kupanda. Vumbi ni zito, haliwezi kugeuka upesi hivyo, linaangukia kwenye oili na kunasa. Kazi yake yeye, mdogo kuliko wote pale gereji, ilikuwa kumwaga tope, kuosha kibakuli kwa mafuta ya taa na kutia oili mpya mpaka kwenye alama. Ukizidisha, injini inainywa. Ukipunguza, vumbi linapita.

"Fundi wangu alikuwa akitia kidole ndani ya koo la gari," alinambia. "Kidole kikitoka na vumbi, siku hiyo huli pale."

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kunisimulia haya. Akasema, "Ulikuwa huulizi." Halafu akaongeza, "Na mie nilidhani hutayafahamu." Tukanyamaza sote wawili.

Hesabu ya hasara

Jumamosi tulikwenda gereji Wadi Kabir, Baba kiti cha mbele. Fundi akapima mgandamizo wa silinda. Tatu zilikuwa zaidi ya 170, zinakaribiana. Ya nne, 150. Akatuambia kweli: gari ina miaka 16, hawezi kuapa kwamba silinda ile imeumizwa na mchanga wa miezi miwili. Wala hawezi kuapa kwamba haikuumizwa. Ninachokijua mie ni kwamba zamani haikuwa inakula oili. Daftari la Baba linaonesha. Sasa natia nusu lita kila kilomita 3,000, na hiyo ndiyo bei ya sauti niliyoitaka.

Tulirudisha sanduku la stoo. Tukanunua mpira mpya wenye mikunjo, na filta mpya ya karatasi. Sensa ya hewa tuliisafisha kwa dawa yake maalumu ya kupulizia, maana ile filta ya pamba ilikuja na oili, nami nilikuwa nimeizidisha, na oili ikizidi huweza kutambaa mpaka kwenye kile kijiuzi na kukidanganya. Tukamwaga oili ya injini. Gharama yote ilikuwa riali 61. Ukijumlisha na zile 48, nimetumia riali 109 kurudi nilipokuwa.

Si kweli kabisa. Gari sasa ina koo jipya, laini, halina ufa. Ule wa zamani nilioutupa ulikuwa umekakamaa, na Baba anaamini ulishaanza kuvuja kidogo. Kama ningebadilisha huo peke yake na kuacha mengine yote, ningekuwa nimeiboresha gari kwelikweli.

Kama na wewe unataka kubadilisha

Sikukatazi. Nakupa tu mpangilio ambao ningeufuata leo.

Kwanza, anza na mpira. Ukunje kwa mkono, fungua kila mkunjo, tazama ndani yake kwa tochi. Ufa hupenda kujificha pale. Kagua na vipira vidogo vinavyoingia pembeni. Kisha fanya jaribio la leso: baada ya filta, ndani lazima pawe pasafi.

Pili, filta. Ya karatasi nzuri inatosha gari nyingi sana, hasa kwetu kwenye vumbi. Ya pamba yenye oili inaoshwa na kutumika tena, na kwa kawaida inapitisha hewa kwa urahisi zaidi, lakini mara nyingi inapitisha na vumbi laini zaidi. Ukitaka kununua, uliza imepimwa kwa kipimo cha ISO 5011, na inazuia asilimia ngapi. Asiyeweza kukujibu usimpe pesa. Na filta ya karatasi usiipige upepo wa kompresa kwa nguvu. Unatoboa usichokiona. Ikijaa, badilisha.

Tatu, chagua inayoingia ndani ya sanduku lile lile la kiwandani. Unabaki na hewa ya nje, unabaki na muhuri wa mfuniko. Hakikisha ule ukingo wa mpira umekaa sawasawa pande zote.

Nne, ukibadilisha bomba, upana wa pale panapokaa sensa usibadilike, la sivyo hesabu ya kompyuta itakwenda kombo. Na mpira wa silikoni wa kawaida haupendani na oili wala petroli. Mvuke wa oili unaorudi kutoka injini utauharibu taratibu, kwa hiyo tafuta wenye bitana ya kuuzuia.

Tano, usitegemee miujiza. Gari isiyo na tabo, yenye filta safi ya kiwandani, haina hewa nyingi ya kuongezewa. Utapata kidogo, pengine hutahisi. Penye vumbi, jambo la maana ni kuacha nafasi baina yako na gari ya mbele, au kufunga ile pua ndefu inayopanda mpaka juu ya paa, ambako vumbi ni dogo.

Sita, sheria ya unapoishi. Hapa Oman kuna ukaguzi wa mulkiya, na si kila mabadiliko yanakubalika. Walioko Uingereza, iambieni kampuni ya bima kabla ya kufunga chochote. Walioko California, seti ya hewa lazima iwe na namba ya idhini ya idara yao ya hewa, ama itakuangusha kwenye ukaguzi wa moshi.

Daftari

Sasa kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunafungua boneti. Mie natazama, yeye anashika. Namwambia: kibano kimekaza, koo halina ufa, filta imeingia rangi ya kijivu lakini haijajaa. Nikikosa neno, namwelezea umbo la kitu, ananipa jina lake. Mengine naye ameshayasahau, basi anasema "kile kidude", na mie naandika kidude.

Naandika kwenye daftari lile lile, chini ya mistari yake ya 2021. Kwa Kiswahili, maana yeye ndiye anayenisomea na mie ndiye ninayeandika. Mwezi uliopita alinambia nimrudishie nilichoandika. Nikasoma: "Leso imetoka safi." Akaniomba nimpe ile leso. Akaisugua baina ya vidole, karibu na sikio, kisha akaikunja na kuirudisha mfukoni.

Na wewe je, mzee wako alikuwa na kazi gani, na unayajua maneno yake? Tuandikie, au turekodie sauti. Kipindi kijacho tutasoma machache. Ukiweza, mweke mwenyewe kwenye simu aseme. Usimkatize.